Ziwa la msituni kwa mtu anayekaa Dodoma

Rehema wa Ilazo, Dodoma, ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu wanne wa ofisini Mtumba tumejichanga tukanunua kayaki tatu za kujaza upepo, mbili za watu wawili na moja ya mtu mmoja. Tunataka kuzizindua mapumziko ya Nane Nane, siku tatu. Tumeona picha za nchi za watu: ghuba ya maji yaliyotulia kama kioo, halafu ziwa katikati ya msitu mnene, watu wanapiga kafi asubuhi, mchana wanatembea porini. Kwetu huku pa namna hiyo ni wapi, bila kwenda mbali sana? Wawili kati yetu hatujui kuogelea. Na hao viboko wa Mtera ni kweli?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na la mwisho. Viboko wa Mtera ni kweli, na mamba nao ni kweli. Kuhusu picha, itabidi nikuvunje moyo kidogo. Chora duara la kilomita mia mbili kuzunguka Dodoma mjini: humo ndani hakuna ziwa lililokaa katikati ya msitu mnene. Atakayekwambia lipo, mwombe akupeleke kwa gharama zake.

Sababu unaiona kila siku ukitoka nje. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo, na jua hilo lina uwezo wa kunyonya maji mengi kuliko yale mvua iliyoleta. Ndiyo maana maji ya kanda yetu ni ya namna mbili. Kuna mabwawa yaliyojengwa na watu, kama Hombolo na Mtera. Halafu kuna mabonde yasiyo na mlango: maji yanaingia, yanakaa, yanaondoka kwa kupanda hewani, chumvi inabaki chini. Singidani na Kindai pale Singida ni hayo. Sulunga ya kule Bahi ndiyo kabisa, mwaka wa mvua nyingi wavuvi wanatega kambale, mwaka wa ukame utavuka kwa miguu na kandambili zikarudi kavu. Pembezoni mwa maji ya aina hii utakuta migunga, mibuyu na mawe chini ya mbingu pana. Mimi hupapenda mno, lakini ukienda na ile picha kichwani utanuna safari nzima.

Ghuba iliyotulia namna hiyo nayo ni habari ya pwani. Ni maji ya bahari yaliyozibwa na fungu la mchanga au mwamba wa matumbawe, mawimbi yakaachwa nje. Bara hatuna, tusiitafute.

Sasa nikujenge. Nendeni Babati.

Najua Babati haiko mkoa wetu, ni makao makuu ya Manyara, lakini kutoka Dodoma ni kilomita 250 hivi, lami tupu kupitia Kondoa. Wakati barabara ile ilipokuwa vumbi na makorongo nisingekushauri uende kwa siku tatu. Leo ukitoka saa kumi na moja alfajiri, chai unainywa Kondoa. Ziwa Babati ni la maji matamu, limekaa ubavuni mwa mji, na upande wa mashariki umesimama mlima Kwaraa wenye mita 2,415 ukiwa na msitu wa hifadhi wa Ufiome mgongoni. Ziwa na msitu havikugusana, kwa hiyo bado si picha yako. Ila asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya matete na mlima umetokeza kichwa tu, hutakumbuka kudai picha.

Ziwa lile lina viboko wengi, na hapa naomba usome polepole.

Kiboko hula usiku. Jua likizama anatoka majini anatembea nchi kavu kutafuta nyasi, na alfajiri anarudi. Mchana kutwa anashinda majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Watu humwona amelala kimya wakadhani ni mnyama mpole, mzembe. Siyo. Ana uzito wa zaidi ya tani moja, na akiwa nchi kavu hakuna kati yenu atakayemshinda mbio. Majini haelei kama bata, anakanyaga chini na kujisukuma, anaweza kukaa amezama dakika tano hivi, kisha akaibukia pale ambapo hukumtegemea. Na kayaki yenu ni mpira wenye upepo.

Kanuni moja ikieleweka, nyingine zote zinafuata yenyewe: kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina kirefu. Kwa hiyo usiwe njiani mwake. Ukipita katikati yake na kina umemziba, na yeye hataomba njia. Ukimkuta akichunga ufukweni asubuhi na mapema huku wewe uko majini kati yake na ziwa, kosa ni lako. Vile vichochoro mnavyoviona kwenye matete, vimelainika kama vimepitishwa pipa, ndiyo barabara zake. Msishukie hapo, hata kama panaonekana pazuri kwa picha. Akipanua kinywa, wengi husema anapiga miayo. Anakuonyesha meno, kwa makusudi. Mstari wa mapovu unaokuja upande wako maana yake ondoka, tena kwa pembeni, msirudi nyuma kwa kuangaliana. Na kila baada ya muda gongeni ubavu wa chombo kwa kafi, kodo, kodo, kodo, ili wajue mlipo. Kiboko anayejua ulipo ana nafuu kuliko anayekugundua ghafla.

Kwa sababu hiyo msiingie ziwani peke yenu. Siku ya kwanza jioni teremkeni ufukweni mkazungumze na wavuvi, mkodi mtumbwi mmoja na mwenyewe, asubuhi utangulie nanyi mfuate nyuma yake. Wao wanajua kundi limehamia wapi wiki hii, jambo ambalo mimi niliyeketi hapa siwezi kukwambia. Ukingo wenyewe pia hauko palepale miaka yote: mwaka 1990 ziwa lilifurika likaingia mjini, na miaka ya ukame linarudi ndani likaacha tope. Mahali pa kushukia pa mwaka juzi huenda leo ni kinamasi. Mapatano ya bei yafanyeni kabla, mbele ya wote, na mumpe mtu chake bila kumzungusha. Wenzenu wale riziki yao ni perege na kambale wa humo humo, saa wanazowapa ninyi ni saa za nyavu.

Kuna mvuvi mmoja mtu mzima aliyewahi kunikatalia kabisa. Nilikuwa na wageni wawili, kayaki nzuri, kila kitu tayari. Akatazama maji akasema, leo hapana. Nikauliza kwa nini, akasema hajui, ila hao wanyama wako kimya kupita kawaida. Nilikasirika, nikahesabu mafuta niliyochoma. Hatukuingia. Sijui hadi leo kama kulikuwa na hatari yoyote. Lakini tangu siku ile, mwenye ziwa akisema hapana, mimi nafunga mizigo.

Muda wa kuingia majini: jua likishachomoza vizuri, tuseme saa moja na nusu asubuhi, si kabla. Agosti huku jua huchelewa, na gizagiza ndilo saa viboko wako njiani kurudi. Kutoka: saa nne, nne na nusu ikizidi. Upepo ndio unaowafukuza. Kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini mashariki, huamka jua likishapanda na mchana huwa mkali. Kayaki ya upepo ni nyepesi na imekaa juu ya maji, inapeperushwa kama ganda la karanga. Anzeni safari kwa kuukabili upepo, ili mikono ikichoka uwarudishe nyumbani. Wengi hufanya kinyume. Wanateleza nusu saa wakicheka, kurudi inawachukua saa mbili na malengelenge.

Sasa nyie wawili msioogelea. Sitawazuia. Kila mmoja akae mbele kwenye kayaki ya watu wawili, nyuma yake awe anayejua kuogelea. Aliye hodari kuliko wote ndiye achukue ile ya mtu mmoja na awe wa mwisho, siyo wa kwanza, maana nyuma ndiko mtu huanguka bila wenzake kujua. Jaketi okozi avae kila mtu, hata bingwa, tena liwe la saizi yake. Lifungeni vifungo vyote, kisha mwenzako akushike mabegani alivute juu. Likipanda hadi masikioni, halikufai. Yale ya mapambo yaliyokaa kwenye boti miaka kumi hadi povu likawa gumu, yaacheni.

Na msifanye Babati kuwa darasa la kwanza. Mna Hombolo pale, kilomita arobaini hivi kutoka mjini. Tumieni Jumamosi mbili kabla ya Nane Nane. Waulizeni wavuvi wa pale panapofaa, simameni penye maji ya kiunoni, kisha pindueni kayaki kwa makusudi. Ndiyo, lowaneni. Jifunzeni kuigeuza na kupanda tena, mmoja akishika upande wa pili. Rudieni hadi asiyeogelea aone kwamba jaketi linambeba kweli, maana anayeua watu majini mara nyingi ni kiwewe. Maji ya Hombolo yana chumvichumvi, mkimaliza suuzeni vyombo na zipu zake. Mkitoka hapo zabibu ziko njiani, sina la kuongeza.

Jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi: msijaze kayaki upepo ikakaza halafu mkaiacha juani. Hewa ikipata moto hutanuka, na jua la Dodoma halina mzaha. Gundi ya mshono huachia. Jazeni asubuhi kwa kiasi, mkishaiweka majini ipoe ndipo muongeze. Mkiitoa mchana, punguzeni kwanza.

Mtera mmeiuliza, kwa hiyo niimalizie. Ni bwawa la mto Ruaha Mkuu, limejengwa kwa ajili ya umeme, mtambo wake ni wa megawati 80, na barabara ya Iringa inapita pale pale. Ni zuri kulitazama, machweo yake sijaona mfano. Lakini uso wa maji yake hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na uso ni mpana kiasi kwamba upepo hupata nafasi ya kujenga mawimbi ya kweli. Lililo baya zaidi kwenu ni miti iliyokufa imesimama humo majini tangu bwawa lilipojaa. Inayoonekana si tatizo, tatizo ni visiki vilivyokatikia chini kidogo ya maji. Niliwahi kuchanwa chombo changu na kimoja, nusu kilomita kutoka ufukweni, nikarudi kwa kupiga mikono nikiwaza mamba njia nzima. Nilikuwa nimeng'ang'ania kwamba najua. Msiende na vya upepo. Mle samaki, mpige picha, mrudi.

Kutembea kwa miguu kumenogea njiani kuliko ninyi mnavyofikiri. Mkishapita Kondoa mtafika Kolo, ilipo ofisi ya michoro ya miambani ya Kondoa Irangi, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, ila mtakayopelekwa ni yale machache ya mlimani karibu. Mnalipia ofisini, mnachukua mwongozaji, mnakwenda na gari hadi chini ya mlima kupitia bonde la mchanga, kisha mnapanda. Saa mbili tatu zinatosha. Juu kuna watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vimetuna kama wana nywele za sherehe, kuna twiga, kuna tembo. Mahali pengine bado watu wa pale hufanya matambiko. Mkiambiwa hapa msiguse, msiguse, na maji msimwagie mchoro ili ung'ae kwenye simu. Waliotangulia walifanya hivyo na uharibifu wake unauona.

Mkiwa pale juu geukeni mtazame vilima vya Irangi. Hii nawaambia kwa sababu mnatafuta msitu. Miaka ya 1970 vilima vile vilikuwa vimechanika makorongo mekundu, udongo ukishuka kwenda kujaza mabonde. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Ilikuwa amri chungu, mwulizeni Mrangi yeyote mwenye umri wangu, kwa sababu ng'ombe si nyama tu. Lakini miti ikarudi yenyewe. Mnapopanda kuelekea Bereko na hewa ikawa ya baridi, miyombo pande zote, sehemu ya kijani mtakachokuwa mmekiona njiani ni ya baada ya hapo. Siyo msitu wa picha, ila ninauhesabu kuwa wa thamani zaidi.

Kwaraa yenyewe ni msitu hasa, miti mirefu, mizizi, unyevu, nyani na ndege. Hata hivyo kwa siku zenu tatu msiifuate kileleni. Ni kupanda mita elfu moja na kidogo, ni siku nzima, na juu kabisa miti imekuziba usione chochote, watu hufika wakaulizana kama ndiyo hapo. Tena wakubwa wa porini hupita, nyati wakiwemo. Nendeni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu pale Babati, mchukue kibali na askari au mwongozaji watakayewapa, mtembee sehemu za chini nusu siku. Viatu vyenye meno, suruali ndefu, maji lita mbili kila mtu.

Atakayewashawishi muunganishe na Hanang mwambieni mtaiwekea safari yake. Ni mlima wa mita 3,417, unataka miguu iliyozoea. Na wakati wa mvua msikaribie. Desemba 2023 matope yalishuka kutoka mlimani yakafunika makazi Katesh, watu wengi wakapoteza maisha. Udongo wa pale haujasahau.

Kwa hiyo siku zenu mimi ningezipanga hivi: ya kwanza Kolo, kulala Babati na kuonana na wavuvi jioni. Ya pili ziwani asubuhi, mchana kupumzika, alasiri Kwaraa ya chini kama miguu ipo. Ya tatu ziwani tena, maana mara ya pili ndipo mtu anaacha kuogopa kafi na kuanza kutazama, halafu saa sita mnageuza gari.

Mkija kupata likizo ya wiki, hiyo picha yenu iko Tengeru, Arusha, inaitwa Duluti. Ni ziwa dogo la kreta, mviringo, limezungukwa na msitu wa hifadhi hadi majini, lina mitumbwi na kayaki, na njia ya miguu inayolizunguka ndani ya saa moja na nusu mkienda taratibu. Kenge watawakatia njia, na wao ndio wenyeji. Mkipita Hifadhi ya Ziwa Manyara kuna msitu wa chemchemi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na hifadhi hupeleka watu ziwani kwa mitumbwi, ila ziwa lile halina kina kirefu, maji yakipungua shughuli husimama. Ulizeni kabla ya kulipa.

Nimebakiza kichocho. Ziwa lolote la maji matamu lenye matete na konokono, lihesabuni kuwa nalo. Kijidudu hutoka kwenye konokono na kupenya ngozini bila kuuma, hasa jua linapokuwa kali kuelekea saa sita, sababu nyingine ya kutoka mapema. Msikae mmetumbukiza miguu penye majani, mkilowa jifuteni palepale kwa taulo kavu, na msidhani hiyo ni kinga kamili. Msikimbilie maabara kesho yake, haitaonyesha kitu. Subirini wiki ya sita hadi ya nane, mkapime choo na mkojo na kumwambia daktari mlikuwa ziwani. Ikikutwa, dawa ipo, praziquantel, kipimo chake hutegemea uzito wa mtu kwa hiyo msigawane vidonge kama pipi.

Na kabla ya kukunja kayaki pale Babati, zipangusieni ufukweni, mtoe kila jani na tope lililonasa chini, mziache zikauke kabisa juani zikiwa nusu upepo. Wiki inayofuata mtazipeleka Hombolo, na konokono wa Babati hana sababu ya kuhamia huko.